Kaboni ya ukuta nayo ihesabiwe: Kapalata isilaumiwe kwa makala peke yake

KISANGANI, TSHOPO – Kila mara uharibifu wa msitu unapotajwa mjini Kisangani, kidole kinanyooshwa upande uleule. Kinamlenga mama wa Kapalata anayeuza makala kwa vikopo, kijana wa toleka aliyefunga magunia nyuma ya baiskeli, na familia ya wakimbizi wa ndani iliyokata miti michache ili kusimamisha bashi. Hao ndio wanaoitwa maadui wa msitu. Lakini balenieri ikishusha simenti kwenye bandari, au lori likimwaga mabati kwenye shantie, watu wanasema maendeleo yamefika. Hakuna anayeuliza vitu hivyo vimetoa moshi kiasi gani kabla ya kufika.

Hiyo ni hesabu ya nusu, na anayeilipia ni mtu maskini. Analaumiwa kwa moshi unaoonekana, kisha anaambiwa asubiri nyumba ya simenti ambayo hatapata pesa ya kuijenga, wakati udongo wa kujengea uko chini ya miguu yake. Kama viongozi, mashirika ya misaada na wakaaji wenyewe wanataka kusema ukweli juu ya msitu, basi kaboni yote ihesabiwe: ile inayopanda kutoka jikoni na ile iliyojificha ndani ya kuta.

Moshi uliotangulia

Kaboni iliyojificha ni jambo jepesi kuelewa. Ni gesi yote iliyokwisha kutoka ili kitu kichimbwe, kichomwe, kitengenezwe na kusafirishwa, kabla mnunuzi hajakishika. Makala yakiwaka, kila mtu anaona moshi na jivu. Mfuko wa simenti umelala kimya kwenye butiki, hautoi hata harufu. Moshi wake ulitoka zamani, mbali, kwenye tanuru ambalo mnunuzi hatalifikia. Lakini hewa haina mpaka. Gesi iliyotoka huko inaongeza joto la Kapalata sawasawa na ile iliyotoka hapa.

Simenti inatengenezwa kwa jiwe la chokaa linalosagwa pamoja na udongo na kuchomwa kwenye joto la karibu digrii 1,450. Wengi wanadhani ubaya wake uko katika mafuta au makaa ya mawe yanayowasha tanuru. Hiyo ni sehemu tu. Jiwe lenyewe limebeba kaboni. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa zikichomwa mpaka kuwa chokaa, kilo 44 zinaondoka zikiwa gesi ya kaboni, na zingeondoka hata kama tanuru lingewashwa kwa jua. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya gesi ya kiwanda cha simenti inatoka katika jiwe, na hakuna chujio rahisi la kuizuia.

Kwa jumla, tani moja ya simenti inatoa kati ya kilo 600 na 900 za gesi ya kaboni, kufuatana na aina ya simenti na kiwanda. Kwa mfuko wa kilo 50 hiyo ni kilo 30 mpaka 45. Duniani kote, simenti peke yake inabeba karibu asilimia 7 au 8 ya gesi ya kaboni inayotoka kwa kazi za binadamu. Chuma nacho si kitu kidogo: kilo moja ya chuma kipya inatoa karibu kilo 2 za gesi hiyo. Bati linalong'aa sokoni limekwisha kutoa gesi nzito kuliko uzito wake lenyewe.

Mfuko unaotoka mbali

Simenti ya Kongo inatengenezwa hasa katika jimbo la Kongo Central, upande wa Lukala, Kimpese na Songololo. Kutoka huko inapanda lori mpaka Kinshasa, kisha inapakiwa kwenye mashua na kupandisha mto zaidi ya kilomita 1,700 mpaka Kisangani. Nyingine inatoka Uganda kwa barabara, ikipita Ituri au Beni, kwenye matope ambamo malori yanalala siku nyingi. Kila mkaaji wa Kisangani anajua matokeo: bei inapanda, na mifuko mingine inafika imekwisha kuganda kwa unyevu.

Hapa kuna jambo linaloshangaza. Mtu akiangalia safari hiyo ndefu, atasema moshi mwingi ni wa lori na mashua. Sivyo. Mashua inabeba mzigo mkubwa kwa mafuta machache, na moshi wa safari ya mtoni ni sehemu ndogo ukilinganisha na ule wa kiwandani. Kwa hiyo wanaoahidi kwamba kiwanda kikijengwa karibu na Kisangani shida itakwisha, wanasema kweli juu ya bei tu. Jiwe la chokaa likichomwa Tshopo litatoa gesi ileile linayotoa Lukala. Dawa ni kutumia simenti kidogo na kuitumia pale inapohitajika kweli. Na mfuko ulioganda bandarini ni hasara mara mbili: pesa imepotea, na gesi yake imekwisha kutoka bure.

Nyumba moja kwa hesabu

Mfano mmoja unatosha. Nyumba ndogo ikila mifuko 60 ya simenti, hizo ni tani 3. Gesi yake ni kati ya kilo 1,800 na 2,700. Ikifunikwa kwa mabati 30 mepesi, kila moja likiwa na kilo 5 hivi, zinaongezeka kilo 300 au zaidi. Yote pamoja ni zaidi ya tani 2, kabla mlango haujafungwa na kabla sufuria ya kwanza haijawekwa motoni.

Sasa ilinganishwe na maisha ya Mkongomani. Ukiacha kaboni ya misitu inayokatwa, mtu mmoja wa Kongo anatoa kwa mwaka chini ya kilo 100 za gesi ya kaboni kutokana na mafuta, makaa ya mawe na simenti. Mtu wa kawaida wa Marekani anatoa zaidi ya tani 13. Kwa hiyo nyumba moja ndogo ya simenti inabeba kaboni ya Mkongomani mmoja kwa zaidi ya miaka 20. Mkaaji wa Kapalata ambaye hana gari, hana friji, anayetembea kwa miguu au kwa toleka, akinunua mifuko hiyo 60 amefanya ununuzi mkubwa kuliko yote ya maisha yake, kwa pesa na kwa kaboni. Ni haki aambiwe kabla ya kununua.

Hesabu hiyo isigeuzwe kuwa fimbo ya kumpiga maskini. Kuna upande wa pili. Abiria mmoja wa ndege akitoka Kinshasa kwenda Paris na kurudi, sehemu yake ya gesi ni karibu tani 1. Wajumbe wawili wakiruka kwenda kwenye mkutano wa hali ya hewa huko Ulaya wamekwisha kutumia karibu kaboni ya nyumba nzima ya familia ya Kapalata, na nyumba hiyo ingekaa miaka mingi. Kongo inajiita mbele ya dunia nchi ya suluhisho kwa sababu ya misitu yake. Basi anayekwenda kulisema neno hilo jukwaani aanze kwa kuhesabu tiketi yake na kuta za ofisi yake, kabla ya kuhesabu magunia ya mama muuza makala.

Miti inapimwa, kuta hazipimwi

Tshopo si mgeni wa neno kaboni. Huko Isangi kulianzishwa mradi wa REDD+, ambao watu wengi waliujua kwa maneno ya kuuza hewa. Yangambi, karibu kilomita 100 kutoka Kisangani ukishuka mto, kuna mnara wa mita 55 unaosimama juu ya miti na kupima gesi ambayo msitu unavuta na kutoa. Wataalamu wanapima vipenyo vya miti, udongo na majani. Hiyo ni kazi nzuri, na jimbo linaihitaji.

Lakini kipimo kinaishia pembeni ya msitu. Shule ikijengwa, ofisi ya serikali ikijengwa, soko likijengwa, kibao cha shantie kinaandika jina la mfadhili, bei na muda wa kazi. Hakiandiki mifuko mingapi ya simenti italiwa, mbao zitatoka wapi, wala kuni kiasi gani zilichoma matofali. Mti ulio Yangambi una namba. Ukuta ulio Kisangani hauna. Kwa hiyo mwanakijiji anafundishwa kwamba kaboni ni mti wake anaokatazwa kukata, wala haisikiki kwamba kaboni ni pia zege ya mtu wa mjini.

Kutohesabu kuna bei, na Kisangani inaijua. Tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu. Umoja wa Mataifa uliandika kwamba raia zaidi ya 760 waliuawa na nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibiwa au hazikukalika tena. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye iliamua Uganda ilipe dola milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu, milioni 40 kwa ajili ya mali, na milioni 60 kwa ajili ya utajiri wa asili. Dai la misitu iliyokatwa lilitupwa, kwa sababu halikuwa na ushahidi wa kutosha. Kisichokuwa na hesabu hakikupata hata franka moja.

Makala na matofali pia yasifichwe

Hesabu kamili haimwachi mtu yeyote nje. Muuza makala naye ana sehemu yake, na hatasaidiwa kwa kudanganywa. Kwa tanuru la kienyeji la kufunika na udongo, kilo 1 ya makala inakula kilo 5 mpaka 10 za kuni. Gunia la kilo 50 limekula kilo 250 mpaka 500. Nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni.

Matofali ya kuchoma yako katika mstari huohuo. Watu wanayapenda kwa sababu yanafanana na nyumba ya mjini na yanauzwa rahisi kuliko simenti. Lakini tanuru la matofali linawaka usiku na mchana kwa magogo, na sehemu kubwa ya joto inatoroka pembeni. Tofali likivunjika au likibaki bichi upande mmoja, kuni zake zimekwenda bure.

Hata hivyo kuna tofauti ambayo wanaonyoosha kidole hawaisemi. Mti uliokatwa mahali ambapo pori litaachwa likue tena unarudishiwa kaboni yake baada ya miaka mingi, kwa sababu mti mpya unaivuta hewani. Mti uliokatwa mahali ambapo msitu hautarudi hauna malipo. Na gesi iliyotoka kwenye jiwe la chokaa hairudi yote katika jiwe kwa maisha ya mtu. Kwa hiyo swali la kumuuliza mchoma makala au mchoma matofali ni hili: kuni zimetoka wapi, na mahali hapo patakuwa nini kesho? Tshopo inalima mpunga, na mashine za kukoboa zinaacha makapi. Viwanda vya mbao vinaacha vumbi la mbao. Vitu hivyo vinaweza kuwaka katika tanuru la matofali badala ya magogo mazima. Kumfundisha mchoma matofali kazi hiyo kunafaa kuliko kumkimbiza na polisi wa mazingira.

Na mbao zenyewe zisitiwe katika gunia moja na makala. Mlango wa limbali, au paa lenye mbao ngumu, ni kaboni iliyofungiwa ndani ya nyumba. Maadamu mbao hazijaoza wala kuungua, kaboni yake haiendi popote. Nyumba ya mbao zilizokatwa kihalali, zilizokauka vizuri na kulindwa na mchwa, ni ghala la kaboni. Ubaya uko kwa anayekata afrormosia bila karatasi na kuipeleka mbali, wakati mti huo uko chini ya ulinzi wa mkataba wa kimataifa wa CITES tangu 1992.

«Udongo ni wa maskini»

Hapo ndipo pingamizi kubwa linaposimama. Mtu atasema: poto-poto ni aibu, mvua ya Kisangani inaiangusha, mchwa wanakula fito, mtoto analala na baridi. Mtu aliyejenga mara tatu kwa udongo ana haki ya kutaka simenti.

Ana haki kweli, na asidharauliwe. Mji huu unapata karibu milimita 1,700 au zaidi za mvua kwa mwaka. Mwanzo wa 2024 mto Kongo ulipanda karibu na rekodi yake ya 1961, na nyumba nyingi za kando ya maji ziliingiwa. Ukuta wa udongo uliosimama majini hauna maisha. Lakini ichunguzwe nyumba ya poto-poto iliyoanguka: mara nyingi ilianzia miguuni. Fito zilichimbiwa moja kwa moja ardhini, ambako mchwa na unyevu vinazingoja. Paa lilikuwa fupi, maji yakirukia ukutani kila mvua. Hakukuwa na mfereji. Aliyejenga hivyo alikosa mawe ya msingi na bati moja la kuongeza kwenye upenu. Udongo wenyewe haukuwa na kosa.

Nyumba ya udongo inataka viatu na kofia. Viatu ni msingi wa mawe ulioinuka juu ya maji yanayoruka, na hapo simenti kidogo ina kazi yake. Kofia ni paa linalotoka nje ya ukuta kwa upana wa kutosha. Katikati, matofali mabichi yaliyokaushwa kwa kivuli na jua, au yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono, yanabeba nyumba bila kuchoma hata kuni moja. Plasta ya udongo inarudishwa mara kwa mara, kama mtu anavyopaka rangi. Mahali ambapo mto unafika, udongo usijengwe, na kusema kweli hata simenti haistahili kupelekwa huko.

Anayedhani huo ni umaskini aangalie Burkina Faso. Francis Kéré, mtoto wa kijiji cha Gando, alijenga kwao shule ya msingi kwa matofali ya udongo yaliyochanganywa na simenti kidogo, ikamalizika 2001. Paa la bati limeinuliwa juu ya dari, hewa inapita katikati, na ukuta hauguswi na mvua. Mwaka 2022 Kéré alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ambayo ni heshima kubwa kuliko zote za wachora ramani za majengo duniani. Gando ina ukavu kuliko Kisangani, na kwa sababu hiyo Kisangani inahitaji upenu mrefu zaidi. Karibu zaidi, huko Uganda, matofali ya udongo yaliyoshindiliwa na yanayoshikana bila plasta nyingi yamejenga mashule na matanki ya maji, na UN-Habitat ilitoa kitabu juu ya kazi hiyo mwaka 2009. Uganda ina viwanda vyake vya simenti, na bado ilichagua udongo pale ulipofaa.

Simenti ibaki kwenye kazi yake: msingi, sakafu ya hospitali, choo, kisima, nguzo ya ghorofa, daraja. Kuitia katika kila ukuta wa chumba kimoja ni kutumia shoka kukata mboga. Na ikitumika, itumike vizuri. Masoni anayeiba simenti na kuongeza mchanga anaharibu pesa ya mwenye nyumba pamoja na kaboni yake, kwa sababu ukuta uliopasuka utajengwa tena na gesi itatoka mara ya pili. Nyumba ya kudumu miaka 40 inagawa kaboni yake kwa miaka 40. Iliyoanguka baada ya miaka 5 haina kisingizio, iwe ya udongo au ya zege.

Familia zilizo chini ya bashi

Jambo hili linawagusa zaidi watu wasio na ukuta wowote. Tangu 2023, mgogoro wa ardhi kati ya jamii za Mbole na Lengola uliwatoa watu wengi makwao, upande wa Lubunga na vijiji vya nyuma yake. Wengine walifika Kisangani wakikimbia vita vya mashariki. Kuna waliopokelewa na jamaa katika nyumba ndogo zilizojaa, na kuna waliolala chini ya bashi.

Bashi ni plastiki, na plastiki ni mafuta ya petroli. Inafaa kwa usiku wa kwanza na kwa mwezi wa kwanza. Baada ya hapo jua na mvua vinaichana, nyingine inaletwa, na ile ya zamani inatupwa au kuchomwa. Familia inayokaa miaka miwili chini ya plastiki inapewa kaboni ileile tena na tena, bila kupata ukuta. Halafu familia hiyohiyo inasomewa somo la kutokata miti kwa ajili ya fito.

Mwaka 2021, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na Shirikisho la vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu walitoa hati ya mashirika ya kiutu juu ya hali ya hewa na mazingira. Waliotia sahihi wanaahidi kupunguza uharibifu unaotokana na kazi zao wenyewe. Ahadi hiyo ionekane Kisangani. Shirika linalohesabu mabashi yaliyogawiwa lihesabu pia mara ngapi yalibadilishwa. Pesa ya bashi la tatu ingenunua mashine ya mkono ya kushindilia matofali na mawe ya msingi, na mikono ya kazi ipo: wakimbizi wengi wamejenga nyumba zao wenyewe kwa udongo maisha yao yote. Wanachokosa ni kipande cha ardhi kisicho na ugomvi, mbao halali na mabati.

Wapo wanaosema kwamba kuwajengea wakimbizi kwa udongo ni kuwatupa. Wanaosema hivyo wanalala ndani ya nyumba. Aliye chini ya bashi hakuchagua kati ya udongo na simenti. Anangoja simenti isiyokuja.

Sokoni pia kuna hesabu

Kaboni iliyojificha haiko kwenye shantie tu. Simu mpya imekwisha kutoa sehemu kubwa ya gesi ya maisha yake kabla haijawashwa, katika uchimbaji na kiwanda. Kwa hiyo fundi wa simu anayebadili kioo kando ya barabara anafanya kazi ya mazingira, ingawa hakuna aliyemwambia. Sufuria iliyoyeyushwa kutoka kwa mabaki ya aluminiamu inatumia sehemu ndogo sana ya nguvu inayotakiwa kutengeneza aluminiamu mpya, karibu asilimia 5. Bati la zamani lililonyooshwa na kutumika kwenye jiko la nje halidai tanuru jipya. Majani ya mangungu yanayofunga samaki yanaoza shambani. Mfuko wa plastiki, ambao serikali iliukataza kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017, bado unaziba mifereji.

Wakaaji wa Kapalata wanafanya mengi kati ya hayo kila siku kwa sababu ya ukosefu. Ukosefu si sifa, na hakuna anayetakiwa kuupenda. Lakini maarifa yaliyozaliwa ndani yake, ya kutengeneza, kuyeyusha, kurudia na kugawana, ndiyo yale ambayo nchi tajiri zinayatafuta leo kwa mikutano na vitabu. Yasidharauliwe na watu wanaoyaona kila asubuhi.

Kinachotakiwa sasa

Pesa za kujenga zinaingia Kisangani. Fidia ya Uganda inapita katika mfuko wa FRIVAO, na wahanga wa vita wanaoipata wana haki ya kujenga wanavyotaka. Miradi ya mashule na ofisi inaendelea. Ndiyo sababu maneno haya hayawezi kungoja: ukuta ukishajengwa, kaboni yake haichukuliwi nyuma.

Kwanza, kila kibao cha shantie ya serikali au ya mfadhili mjini kiandike mifuko ya simenti, asili ya mbao na asili ya kuni za matofali. Hesabu hiyo fundi anayo tayari katika karatasi ya bei. Kinachokosekana ni kuitoa nje.

Pili, Gavana wa Tshopo na viongozi wa komini wakubali waziwazi kwamba nyumba ya udongo iliyojengwa vizuri ni nyumba halali, na mashule ya ufundi yafundishe kuijenga, pamoja na msingi, upenu na ulinzi wa mchwa.

Tatu, mashirika ya kiutu yaweke wazi, baada ya miezi sita ya dharura, mpango wa kutoka kwenye bashi kwenda kwenye ukuta, na wakimbizi wenyewe wakae katika meza ya kuamua.

Nne, kabla ya operesheni yoyote dhidi ya wauza makala na wachoma matofali, itolewe kwanza njia nyingine: makapi ya mpunga kwa tanuru, jiko linalokula makala kidogo, na umeme wa Tshopo unaofika kweli. Mji huu una bwawa la umeme tangu miaka ya 1950, na bado chakula chake kinaiva kwa kuni.

Mpaka hayo yafanyike, kiongozi anayemwita mama wa makala adui wa msitu aulizwe hadharani, redioni na katika mikutano ya kata: ofisi unayokaa ilikula mifuko mingapi?